Sikio la Mgeni Halikosei

Wasomaji watanisamehe nisipoeleza nilivyofika Karirini. Nilipanda nilichopanda, nikashuka nilipoambiwa nishuke, na vumbi la njiani lilikuwa vumbi kama la njia nyingine yoyote. Niliyoyakuta ndani ya lango ndiyo yenye maana. Nami, Mwantumu, nimekuwa karani wa mahakama tangu usichana wangu hadi kustaafu, kwa hiyo nitayaeleza kama nilivyozoea: nani alisema, alisema nini, na waliosikia walifanya nini. Uongo sitauweka. Chumvi kidogo, labda.

Karirini ni mji wa kale wa mawe juu ya kilima, wenye ukuta, vichochoro, milango ya kuchonga na paka wengi kupita kiasi. Wageni huja kuutembelea kwa miguu. Zamani waliongozwa na wenyeji, lakini wenyeji walikuwa hawaishi kubishana. Huyu anasema msikiti ulitangulia kisima, yule anasema kisima kilitangulia msikiti, na mgeni amesimama katikati anageuza shingo mpaka inamuuma. Ndipo Baraza la Mji lilipoamua kwamba historia yote isemwe mara moja tu, irekodiwe, na mjadala ufungwe. Tangu siku hiyo kila mgeni huvishwa hedifoni pale langoni, akaning'inizwa kidude kidogo shingoni, kisha akaachwa atembee peke yake akiongozwa na kile ambacho wenyeji wote hukiita Sauti.

Hilo peke yake si ajabu kubwa. Nyuma ya kila mgeni hufuata afisa aitwaye Mlinganishi, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba anachokisikia mgeni ndicho anachokiona. Niliuliza langoni kwa nini kuwe na haja ya afisa kwa jambo kama hilo. Wakanijibu kwa upole kwamba Sauti ilirekodiwa zamani, na mji, kwa bahati mbaya, umeendelea kuishi.

Sheria kuu ya Karirini imechongwa juu ya lango kwa herufi kubwa: SIKIO LA MGENI HALIKOSEI. Kwa mfano, Sauti inataja mnazi mrefu karibu na kisima. Mnazi huo uliangushwa na upepo. Baraza limepanda mwingine, na kabla haujakua, mtumishi mmoja mrefu husimama mahali pake ameshika makuti, na hupumzika siku za sikukuu tu. Sauti inataja pia manyunyu mepesi yanayoburudisha uso wa mgeni, basi juu ya paa la jirani amewekwa mwanamume mwenye ndoo ya kumwagilia bustani. Mimi aliniburudisha hadi nguo za ndani.

Hayo yote niliyachukulia kwa kicheko. Iliyonikera ni sheria ya pili. Mwenyeji wa Karirini haruhusiwi kumsalimu mgeni mwenye hedifoni, wala kumjibu akisalimiwa. Salamu, walinieleza, humchelewesha mgeni, na Sauti haimngoji mtu.

Mimi ni mtu wa Korogwe. Kwetu salamu ni kikao. Utaulizwa nyumba, utaulizwa watoto, utaulizwa mvua, na yule mgonjwa aliyelazwa, na kuku kama wanataga, ndipo mtu aseme kilichomleta. Kunipitisha kwenye mji mzima wa watu nisimwambie hata mmoja hujambo ni kuniadhibu bila kesi. Nikanyamaza, nikavaa hedifoni zao, lakini moyoni nilikuwa nimeshakata rufaa.

Mlinganishi wangu aliitwa Bwana Nyange. Alikuwa mtu mzima mwembamba, kofia imemkaa vizuri, filimbi imening'inia kifuani. Alinong'ona. Kila neno lililomtoka alilinong'ona, hata karibu, hata angalia ngazi. Nikadhani ana mafua, nikampa kipande cha tangawizi kilichokuwa mkobani mwangu. Alikipokea kwa mikono miwili, akanong'ona ahsante, akakitafuna kimya.

Sauti yenyewe ilikuwa nzuri, hilo silifichi. Ilikuwa nene, tulivu, ya mtu aliyelala vizuri na kuamkia chai ya maziwa. Iliniambia geuka kulia, nikageuka. Iliniambia tazama ukuta huu ulivyostahimili, nikautazama na kuuonea huruma. Mambo yalikwenda sawa mpaka nilipofika kwa mama mmoja aliyekuwa anauza kashata kwenye baraza ya nyumba. Nilishindwa.

"Hujambo, dada?" nikamwambia.

Alimtazama Bwana Nyange, akanitazama mimi, kisha midomo yake ikasema sijambo bila kutoa sauti. Nikamuuliza habari za kazi. Midomo ikasema nzuri. Nikamuuliza kashata zake ni za nazi au za karanga, naye akaonyesha kwa kidole. Hivyo tukaendelea, mimi nikisema na yeye akitikisa kichwa, na bila mimi kutambua, Sauti ikaniacha pale pale na kwenda zake kituo kinachofuata.

"Mbele yako," ikasema masikioni mwangu, "wamelala simba wawili wa shaba, zawadi ya mfalme wa mbali."

Mbele yangu walikuwa wamefungwa mbuzi wawili, mmoja anakula gazeti.

"Bwana Nyange," nikasema nikicheka, "huku nasikia simba wa shaba."

Nilidhani naye atacheka. Badala yake alipuliza filimbi. Watu wakatoka majumbani kama waliokuwa wanangoja. Mmoja aliwatupia mbuzi majani mabichi ili walale. Mwingine akaandika SIMBA ukutani kwa chaki. Mwanamke aliyekuwa akipita na ndoo kichwani alizunguka mbali nao, akasema kwa heshima, "Wametulia leo." Kwa muda ule, kama nilivyoelezwa baadaye, mbuzi wale walikuwa simba wa shaba kisheria, na mwenye nao hakuruhusiwa kuwakamua.

"Lakini simba wako kituo kingine," nilimwambia Bwana Nyange. "Ni mimi niliyechelewa."

"Mgeni hachelewi," alinong'ona. "Mji ndio unaowahi mno."

Tukaendelea. Nilikuwa sasa nyuma ya Sauti kwa kipande kizima, na kila nilipojaribu kuifikia nilikutana na mtu mwenye uso wa kusalimika. Mwishowe Bwana Nyange, kwa wema wake, alinifundisha kubonyeza kidude kile ili Sauti irudi nyuma kidogo, nikawa nayo sawa tulipoingia kichochoro kirefu kisicho na kitu. Huko mbele kulikuwa na nyumba ya ghorofa moja, na dirisha lenye pazia la buluu.

"Inua macho," ikasema Sauti, na hapa ilipunguza mwendo kama mtu anayetaka ulie. "Katika dirisha hili msichana anamngoja mpenzi wake, aliyeahidi kurudi, na ambaye hakuja."

Niliinua macho. Msichana alikuwapo kweli, kidevu juu ya kiganja, macho yametupwa mbali juu ya mapaa. Uzuri wake ulinifurahisha, lakini kilichonishangaza ni maganda ya vitunguu saumu yaliyokuwa yakidondoka kutoka dirishani na kuniangukia begani. Juu alikuwa anangoja, chini ya kizingiti mkono mwingine unamenya.

Nilikuwa nimefumbua mdomo nimsalimu, akaniwahi yeye. Alitazama huku na huku, akainama.

"Shikamoo, mama."

Jamani, tangu asubuhi sikuwa nimesikia neno hilo.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Hawajambo nyumbani?"

"Hatujambo, mama. Ila kazi tu."

"Kazi gani?"

"Ya kungoja."

Bwana Nyange alikohoa. Nikamwambia nipo kwenye salamu, anivumilie. Nikamuuliza yule msichana jina, akasema ni Mwanate. Nikamuuliza nani alimwajiri, na hapo akanieleza yote kwa haraka, mikono ikiendelea na vitunguu.

Baraza halikuwa na msichana dirishani baada ya Sauti kurekodiwa, likamteua shangazi yake, Bi Somoe, aliyekuwa anakaa nyumba hiyo. Bi Somoe alingoja mpaka magoti yakakataa ngazi. Kisha akawekwa Mwanate kushikilia nafasi kwa muda. Muda huo unaisha kesho, kwani kesho asubuhi Baraza litamwapisha kuwa Mngojaji wa kudumu, na katika kiapo kile kuna kipengele cha kutoolewa maisha. Mtu anayemngoja asiyekuja hawezi kuwa na mume anayerudi kila jioni na mkate.

"Na wewe hutaki?" niliuliza.

"Mama, mwenzio nimeshapata wa kumpenda. Yule pale."

Alinyoosha kidole chenye harufu ya kitunguu. Upande wa pili wa kichochoro, chini ya kibanda, palikuwa na fundi seremala anapiga randa ubao, takataka za mbao zimemjaa ndevuni. Nilikuwa nimempita bila kumwona. Nadhani nilikuwa nimeshaanza kuona kwa masikio kama wengine.

"Anaitwa Bwanaheri," Mwanate akasema. "Alikuja kutengeneza bawaba za dirisha hili. Alipomaliza bawaba akatengeneza pazia, alipomaliza pazia akasema kizingiti kina mchwa. Hakikuwa na mchwa, mama."

Niliwatazama wote wawili na moyo wangu ukachangamka. Lakini hali ya yule kijana ilikuwa ya ajabu kuliko ya mbuzi. Baraza liliposikia kwamba Mwanate anampenda, lilikaa likaona hatari. Mpenzi wa Mwanate, kwa mujibu wa Sauti, hakuja. Bwanaheri ndiye mpenzi wa Mwanate. Kwa hiyo Bwanaheri hakuja. Tangu hapo hakuna afisa wala jirani aliyemwona. Akiingia dukani, mwenye duka humwambia mteja mwingine, "Huyo fundi akija, misumari yake iko pale," na kuiacha juu ya ukuta. Mwenye nyumba humgongea mlango kuuliza kama chumba bado kitupu. Walijaribu kutoroka pamoja, wakarudishwa langoni: asiyeingia hatoki.

"Shikamoo, mama," akasema Bwanaheri, ameshika randa. "Mimi nipo."

"Marahaba, mwanangu. Nakuona vizuri kabisa."

Yule kijana mkubwa na mabega yake aliangalia chini. "Ni wewe wa kwanza tangu masika," akasema, na sauti yake ikakatika.

Nilihisi hasira ya kweli, ile ya kupandisha joto masikioni. Nikamuuliza yuko wapi mama yake, akaniambia. Nikamuuliza kwao wanalima nini, akaniambia. Niliuliza kila kitu, moja moja, kwa makusudi, maana yule mtu alikuwa na njaa ya kuulizwa. Bwana Nyange akanong'ona, "Mama, Sauti inakwenda," nami nikamwambia aiache iende, ina miguu yake.

Na kweli ilikwenda. Wakati nimesimama kati ya dirisha na kibanda, na Mwanate ameinama mpaka kifuani nje ya dirisha, na Bwanaheri amesogea chini yake, masikioni mwangu Sauti ilifika Uwanja wa Harusi.

"Mbele yako," ikasema kwa furaha, "wamesimama bibi na bwana harusi. Tazama walivyopendezana! Leo ndiyo siku yao. Mji mzima umealikwa. Nawe mgeni, karibu pilau."

Nikawatazama wale wawili. Kisha nikageuka kwa Mlinganishi wangu, na nakiri niliyasema taratibu ili nisiharibu utamu wake.

"Bwana Nyange. Nasikia bibi na bwana harusi wamesimama mbele yangu. Nasikia leo ndiyo siku yao. Na hawa ndio ninaowaona."

Bwana Nyange alitia filimbi mdomoni. Haikulia. Alimtazama Mwanate, akalitazama lile pazia la buluu kwa muda mrefu, kama mtu anayelidai au anayedaiwa nalo jambo. Kisha akajaza mashavu, akapuliza mpaka paka wakakimbia.

Alasiri hiyo tuliitwa mbele ya Baraza. Ukumbi ulijaa hadi madirishani, kwa kuwa Karirini kesi ndiyo mahali pekee ambapo watu wanaruhusiwa kusema jambo ambalo halijarekodiwa. Mwenyekiti alikuwa Bi Zamda, mama mnene mwenye macho ya usingizi, na nimeshuhudia mahakimu wa kutosha kujua kwamba macho ya namna hiyo hayalali. Bi Somoe, yule shangazi, aliketishwa mbele kwa sababu ya magoti yake.

Wa kwanza kusimama alikuwa Bwana Shaweji, mwanasheria wa Baraza. Alisema kwamba ukweli uko mahali, hauko sikioni. Harusi ni ya Uwanja wa Harusi. Uwanjani wako bibi harusi na bwana harusi waajiriwa wa Baraza, wapo tangu ujana wao, na kazi wanaifanya vizuri ingawa hawajasemeshana tangu walipogombania mwavuli. Tukiruhusu harusi ihamie dirishani kwa sababu mama mmoja anapenda soga, alisema, kesho mtu atasimama gerezani akisikia hoteli, na tutalazimika kuwapelekea wafungwa mashuka.

Kundi la pili, la waliotutetea, likajibu kwamba lango halikuandikwa mahali hapakosei, limeandikwa sikio. Na wakataja mbuzi.

"Mbuzi walikuwa simba?" Bi Zamda akauliza.

Bwana Nyange akatikisa kichwa kukubali.

"Bado ni simba?"

"Hakuna aliyepuliza filimbi ya pili, mheshimiwa," akajibu mwenye mbuzi kutoka nyuma, kwa uchungu. "Maziwa yananiharibikia."

Likazuka kundi la tatu, la wapatanishi, wale watu ambao hawakosekani. Walipendekeza vijana waoane, lakini ndoa iwe halali pale tu ambapo mgeni anasikiliza kipande kile, na kikiisha watengane hadi mgeni mwingine. Mwanate aliwatazama wapatanishi wale kwa namna iliyowafanya wakae chini mmoja mmoja.

"Mimi nina swali moja," akasema Bi Zamda. "Sauti imesema mpenzi wa binti huyu hakuja. Sauti imesema bwana harusi amesimama mbele ya mgeni. Zote ni Sauti. Tushike ipi?"

Bwana Shaweji akaanza kupekua makaratasi yake.

"Si muiulize hiyo Sauti?" nikasema. Ukarani wangu ulinitoka, karani hasemi. "Alirekodi mtu, au alirekodi malaika? Kama ni mtu na yu hai, aitwe atoe ushahidi."

Watu wote waligeuka, lakini si kunitazama mimi. Walimtazama Bwana Nyange.

"Mama mgeni," akasema Bi Zamda, "mwenye Sauti ndiye huyo uliyetembea naye. Siku aliyomaliza kurekodi, Baraza lilimkataza kusema kwa sauti yake mahali popote mjini, asije akasema jambo likatofautiana na alilokwisha kusema. Amenong'ona tangu hapo. Watoto wake amewalea kwa kunong'ona."

Nilimtazama yule mtu. Asubuhi nzima alikuwa nyuma yangu na alikuwa masikioni mwangu, na mimi nikampa tangawizi.

"Nyange," Bi Zamda akamwambia, "leo Baraza linakufungulia. Sema."

Alisimama. Alijaribu mara ya kwanza akatoa mnong'ono, kwa mazoea. Akameza mate. Kisha ikatoka ile sauti, nene, tulivu, imekwaruza kidogo kwa kukaa.

"Lile dirisha," akasema, "lilikuwa tupu."

Nusu ya ukumbi iligeuka kulitazama, kwa jinsi walivyozoea.

"Kutoka kwa simba wa shaba mpaka Uwanja wa Harusi, njia ni ndefu na haina kitu. Nilikuwa kijana. Niliogopa mgeni atachoka. Nikaona pazia la buluu, nikatunga msichana. Nikasema anangoja. Na nilisema hakuja kwa kuwa angekuja, ningelazimika kueleza amekuja vipi, na mkanda ulikuwa unaisha. Basi. Hakuna lingine. Nimekuwa nikipita pale kila siku na wageni, nikimwona mtu amekaa ndani ya maneno yangu, na sina ruhusa ya kumwambia ashuke."

Bi Somoe alishika viti viwili, akajiinua polepole.

"Nyange," akasema. "Mimi nilikataa posa mara mbili. Ni kwa sababu ya mkanda ulioisha?"

"Ndiyo, Bi Somoe. Nisamehe."

Mama yule alimkazia macho. Niliona machozi, na niliona kitu kingine pia, nyuma ya machozi, kinachotaka kutoka kwa nguvu. Kikatoka. Kilikuwa kicheko. Alicheka mpaka akashikwa mabega asianguke, na ukumbi mzima ukacheka naye, wengine wakifuta macho kwa khanga.

"Mmoja alikuwa mlevi, sijutii sana," akasema alipopata pumzi. "Lakini yule mwingine alikuwa mtu wa maana, na hilo sitakusamehe leo. Nitakusamehe siku nyingine. Leo mwozesheni huyu mtoto kabla sijakasirika upya."

Bwana Shaweji alifanya jaribio la mwisho. "Mheshimiwa, kama Sauti haikosei, na Sauti inasema ilitunga, basi ni kweli ilitunga. Kama ilitunga, basi inakosea. Na kama inakosea, basi huenda haikutunga, kwa hiyo..." Akaomba maji, akakaa.

Bi Zamda alitoa uamuzi akiwa anatafuta viatu vyake chini ya meza. Mgeni alisikia leo ndiyo siku yao. Neno ni leo, na jua linatelemka. Kwa hiyo Baraza halina muda wa kubishana, pilau halijapikwa. Kuhusu lile neno hakuja, haliwezi kufutwa, mkanda ni mmoja na ni wa kale. Litafutiwa dawa yake, na dawa hiyo imo humu ukumbini.

Harusi ilifanyika Uwanja wa Harusi. Wale waajiriwa wawili wa Baraza walivua mavazi yao na kuwakabidhi maharusi wa kweli, na nilimsikia bibi harusi mzee akimwambia mwenzake kwamba mwavuli ulikuwa wake. Akajibiwa ni kweli. Wakala sahani moja. Bi Somoe aliongoza vigelegele akiwa ameketi, na Bwana Nyange, kwa amri ya mama huyo, alikula pilau amesimama. Mbuzi walipuliziwa filimbi ya pili, wakarudishiwa umbuzi wao.

Lakini jambo nitakalolikumbuka ni foleni. Bwanaheri alipotoka nje baada ya kufungishwa ndoa, mwenye duka la misumari alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kofia.

"Habari za safari?" akamuuliza. "Umefika lini?"

"Leo," akasema Bwanaheri.

"Karibu sana. Nyumbani hawajambo?"

Nyuma ya mwenye duka alisimama mwenye nyumba, na nyuma yake mwoka mikate, na nyuma yake mji. Wakampa mkono mmoja baada ya mwingine. Salamu zote alizonyimwa tangu masika alipewa jioni ile, na hakuna aliyefupisha. Mama wa kashata alimuuliza hadi habari za kuku wa kwao. Bwanaheri alijibu kila mmoja kikamilifu, machozi yanamtiririka ndevuni, na Mwanate alisimama pembeni yake akinukia asumini na, kwa mbali, kitunguu saumu. Nami nililia, kwa nini nisilie, harusi ilikuwa yangu pia.

Nilikuwa niondoke asubuhi iliyofuata. Nilifika langoni, nikaweka mzigo chini, nikaomba hedifoni tena. Wakanitazama, wakanipa. Nikatembea matembezi yale yale, nikanyeshewa manyunyu yale yale, nikamtikisia kichwa yule mnazi mwenye miguu. Niliingia kichochoro kirefu. Pazia la buluu lilikuwa limefungwa, na ndani ya nyumba mtu alikuwa anakaanga vitunguu na mwingine anamchekesha.

Chini ya dirisha, juu ya kigoda kipya kilichonukia mbao mbichi, alikuwa amekaa Bwana Nyange na kikombe cha kahawa. Filimbi haikuwa kifuani.

"Inua macho," ikasema Sauti masikioni mwangu. "Katika dirisha hili msichana anamngoja mpenzi wake, aliyeahidi kurudi, na ambaye hakuja."

Bwana Nyange akaweka kikombe chini.

"Alikuja," akasema, kwa sauti ile ile.

Kisha akanisogezea kigoda kingine. "Karibu, mama. Umeamkaje?"

Nikavua hedifoni, nikakaa, tukaanza na habari za nyumbani.